Gari Lililopimwa Tupu

Chediel alikuwa fundi wa kunyoosha matairi, na roho yake ilikuwa ngumu. Mtaa mzima wa Mandewa, hapa Singida, ulilijua hilo, na mwenyewe hakulikana. Wateja walivumilia ulimi wake kwa sababu gari likitoka mikononi mwake lilishika njia moja, usukani umetulia. Mkewe, Lea, alikuwa akisema mumewe angekuwa tajiri kama angejifunza kufumba mdomo. Lea alikosea. Kilichomharibia Chediel ni siku alizoufumba.

Alizaliwa Iramba, mtoto wa mwashi. Baba yake alimwachia timazi, ule uzi wenye kichuma cha kuning'inia ambao waashi hupimia ukuta. Ukubwani alikwenda Manyoni kujifunza kazi kwenye yadi ya malori, na aliporudi Singida akawa anapimia matairi timazi ileile. Mafundi wa mashine za kompyuta kule mjini walimcheka. Aliwajibu kwamba kompyuta yao umeme ukikatika ni meza ya kuwekea chai. Kwa miaka kumi na miwili alifanya kazi kwenye kiwanja cha Mama Kristina, mjane mwenye mashine ya kukamua alizeti, aliyempa ile sehemu bure kwa wema wake tu. Mahali pengine pa kufanyia kazi hakuwa napo.

Mama Kristina alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, Simeoni, na Chediel alimchukia. Tuseme wazi, tusizunguke. Simeoni alikuwa amenunua gari la spoti, jekundu, la milango miwili, akakata springi ili likae chini, mpaka likawa linavuka matuta kwa kudra za Mungu. Gari likishushwa vile, matairi ya nyuma hulala kwa ndani huku juu, na huku chini yanatanuka kama miguu ya ndama anayejifunza kusimama. Tairi linaliwa upande wa ndani tu. Mwenye gari akilitazama kwa nje anajisifu kuwa bado jipya.

Siku ya kwanza Simeoni alisimamisha gari mbele ya fundi, akashusha kioo, miwani myeusi usoni, akapiga honi.

"Oya fundi, mambo? Ninyooshee nyuma hapo."

Honi! Kijana wa miaka ishirini na minane anamwita kwa honi mtu wa umri wa baba yake, tena hapahapa Singida, ambako hata mlevi huvua kofia akimwamkia mkubwa. Shikamoo haikutoka siku hiyo wala siku iliyofuata. Chediel akajiwekea sheria: asiyeniamkia simsemeshi. Kazi angeifanya, kwa heshima ya mama mwenye kiwanja, lakini neno lake Simeoni asingelipata.

Sasa, fundi wa matairi ana swali analoanza nalo kabla hajashika spana: gari hili hubeba nini? Hata Chediel na ukali wake wote aliwauliza wateja swali hilo kila siku. Simeoni hakuulizwa. Chediel aliingia uvunguni, akaifungua mikono ya chuma inayoshikilia matairi ya nyuma kwa juu, akairefusha kidogo kidogo kwa nati mpaka uzi ukaonyesha kwamba matairi yamesimama wima. Akatoka, akaashiria kwa kidole kuwa tayari.

Baada ya miezi miwili gari likarudi, matairi yameliwa ndani. Chediel akapima tena: wima. Hakugusa nati hata moja. Ila alipoinama upande wa kushoto aliona waya za tairi zimeanza kuchungulia kwenye mpira. Tairi la namna hiyo halimsubiri mtu. Chediel akajipangusa mikono, akaonyesha kidole kilekile. Acha limfundishe adabu, alisema moyoni.

Wiki hiyohiyo, Alhamisi asubuhi, Simeoni akaja na gari likiwa limefungwa tairi la akiba, tairi lile bovu mkononi. Fundi pancha wa Manyoni alikuwa amelivua jana yake na kukataa kulirudisha kwenye gari. Simeoni akalitupa miguuni pa Chediel, mbele ya wateja watatu na mama wa vitumbua.

"Angalia kazi yako! Mara mbili nakuletea, mara mbili unaniharibia. Fundi gani wewe, na kamba yako ya kujengea choo?"

Chediel alimkazia macho.

"Si naongea na wewe? Kiwanja hiki cha nani? Jumamosi sitaki kukuona hapa."

Mafahali wawili hawakai zizi moja, na hawa walikuwa wamekaa kwa miezi miwili. Wangeshikana mashati kama Mama Kristina asingetokea, anahema, khanga imemlegea begani.

"Shikamoo mama," akasema Chediel.

"Marahaba. Kiwanja ni changu, na wa kufukuza mtu ni mimi. Chediel, pima nione. Ikiwa umemharibia, utaondoka. Ikiwa hujamharibia, yeye atakuomba radhi."

Chediel akaning'iniza uzi kwenye bodi la gari, karibu na tairi. Nafasi kati ya uzi na rimu ilikuwa sawa juu na chini. Akampisha mama atazame. Uso wa Simeoni ukakunjamana, na Chediel akaona raha mpaka kwenye vidole vya miguu.

"Haya, nani kala matairi?" Simeoni akafoka. "Panya?"

Mama Kristina alikuwa amechoka kusimama. Miguu ilikuwa ikimuuma. Akafungua mlango, akasogeza kiti cha mbele, akajipenyeza kiti cha nyuma apumzike. Ni mwanamke mwenye mwili. Gari likadidimia, na mbele ya macho ya Chediel tairi likalala. Juu likaukimbia uzi karibu upana wa kidole.

Raha yote ikamwisha. Ikabidi avunje sheria yake.

"Gari hili hubeba nini?"

"Halibebi kitu. Hii ni spoti," alisema Simeoni.

"Mwongo!" mama yake akasema kutoka ndani. "Kila Jumatano madumu kumi ya mafuta ya alizeti kwenda Manyoni. Anaona aibu wenzake wakijua. Na wewe Chediel, leo ndiyo unauliza?"

"Hakuwahi kuniamkia, mama."

Mama Kristina aliwatazama wote wawili kwa zamu. "Simeoni. Mwamkie."

Simeoni akavua miwani. "Shikamoo," alisema, meno yamebana.

Chediel alikuwa ameisubiri miezi miwili. Sasa ilikuja kwa kuvutwa, kama msumari unavyong'olewa kwenye tairi. Akanyamaza. Watu wakatazamana, maana kuiacha shikamoo bila jibu ni tusi kuliko kutoitoa.

Mama Kristina akaliona hilo.

"Mara ya pili alipolileta, hizo waya uliziona?"

Angeweza kukana. Lakini hakuwa mwongo, hilo tumpe.

"Niliziona, mama."

"Ukamwambia nini?"

Chediel akaanza kukunja uzi wa timazi.

"Jana nilikaa hapahapa nilipokaa," alisema mama, taratibu. "Njia nzima mpaka Manyoni, juu ya tairi hilo. Huyu hana adabu, nimemzaa mwenyewe, najua. Lakini aliyekunyima shikamoo ni mmoja, Chediel. Ungetuzika wawili. Nyoosha gari, halafu Jumamosi hamisha vyombo vyako."

Madumu kumi yakaletwa, yakapakiwa. Chediel akaingia uvunguni, akarefusha ile mikono upya, gari likiwa na mzigo wake. Akahakikisha pia kwamba matairi yote mawili yanatazama mbele sambamba. Haikuwahi kumtoka kazi nzuri kuliko ile. Alipomaliza alimwambia Simeoni kwamba likiwa tupu matairi yataegemea nje kidogo, asishangae. Simeoni akawasha gari, akaondoka.

Jioni Chediel alifunga spana zake kwenye gunia. Majirani walimpa pole, wakasema mama amekuwa mkali mno. Yeye aliona mama yuko sawa. Wazo la yule mama kukaa juu ya tairi lile lilimtisha kweli. Kisha akajiuliza kama angesema neno iwapo angejua kuwa humo ndani kuna Simeoni peke yake. Jibu alilijua. Akakaza kamba ya gunia, akaacha kujiuliza.