Sokwe Aonyeshwa Kwao

Juzi asubuhi mwaloni Kibirizi, kando ya ziwa, tukingoja boti ya kwenda Mwamgongo, mama mmoja aliyeketi juu ya gunia la mihogo alipigiwa simu ya video na bintiye anayeishi Ulaya. Binti alikuwa bustani ya wanyama. Akageuza simu, akatokea sokwe.

Mama akainama, akapiga makofi taratibu, kama Waha tunavyoamkia mtu wa heshima. "Mwakeye! Habari za huko?"

Tukacheka. Yeye hakucheka.

"Anakula?"

"Anakula vizuri, mama. Ana daktari wake, na kila jioni anapewa majani makavu atandike mwenyewe."

"Kwao huku amewahi kupaona?"

"Hapana. Kazaliwa humu humu."

Mama akanyanyua simu, akaielekeza kwenye milima ya Gombe, wanakoishi sokwe. "Msogezee simu aone. Ndiyo kule."

Kisha sauti ya binti, nyembamba: "Usishushe, mama."

Bando likakata.

Nakubali, bustani za siku hizi zinatunza sokwe kuliko sisi tunavyotunza misitu yao. Ila boti ilipofika, tulipanda wote isipokuwa yule mama. Mkono wake ulikuwa bado juu.