Farasi wa Kapteni

Siku ya tatu tangu kaka yangu alazwe, muuguzi alinipigia simu saa tisa alasiri. Alikuwa mama wa Kikongo, mtu wa Bukavu, na alipogundua kwamba mgonjwa wake anaongea Kiswahili alijitolea mwenyewe awe ndiye wa kunipasha habari.

"Mama, kaka yako anatoa masque," aliniambia. "Tunaweka, anatoa. Tunaweka, anatoa. Docteur anasema akiendelea hivi watamulalisha, wamutie tube. Tafazali umuongeleshe, weye ndugu yake."

Kaka alikuwa anaiogopa mashine ile ya kupumulia kuliko kitu kingine chochote. Kwenye ghala alikokuwa akifanya kazi, kule Lidcombe, wenzake wawili walilazwa kabla yake, wakapewa dawa ya usingizi, wakatiwa mpira kooni, na hakuna aliyeamka. Kwa hiyo hesabu yangu ilikuwa fupi: akiiacha barakoa ya oksijeni usoni, ana nafasi, akiivua, anakwenda kwenye mashine. Na mimi niliyepaswa kuwa pale nimshike mikono nilikuwa nimefungiwa kwenye fleti yetu Mount Druitt, huku ng'ambo, naumwa korona ileile ingawa kidogo, helikopta ya polisi inazunguka juu ya mapaa kutuangalia kama tunathubutu kutoka.

Muuguzi alipofungua spika na kuweka simu sikioni mwa kaka sikuwa mpole. Sijawahi kuwa mpole kwake na sikuona sababu ya kuanza siku hiyo.

"Kaka, una akili kweli? Vaa hiyo mask. Hiyo ni oxygen, si sumu."

"Inanikaba," alisema, na baina ya neno na neno nilisikia kifua kinavyohangaika. "Na hawa nao... kila saa damu. Mumiani... hawa."

Neno hilo ndilo lililonipa wazo. Mfa maji haachi kutapatapa, na mimi nilikuwa nimeshakunywa maji ya kutosha.

Nyumbani kwetu Tanga, enzi za mikanda ya video, kaka alikuwa mtafsiri wa filamu. Ukumbi wenyewe ulikuwa chumba kimoja kilichopakana na ua wetu. Yeye alikaa kando ya televisheni na kipaza sauti, akiwageuzia watazamaji maneno ya wazungu yawe Kiswahili. Kiingereza alikijua cha kuombea maji tu. Asichokielewa alikitunga, na nadhani alikitunga vizuri kuliko wenyewe walioandika.

Mkanda uliompa jina mjini ulikuwa filamu ya zamani ya Waingereza, nusu ya kutisha, nusu ya kupigana mapanga. Kasha lake lilishapotea, jina lake hatukulijua, tuliiita tu ile ya Kapteni. Kapteni alikuwa askari aliyeacha jeshi, anazunguka vijijini juu ya farasi, glavu mkono mmoja, anawasaka wanyonya damu. Kaka aliwaita mumiani, kwa sababu mumiani Tanga kila mtu anamjua na hapakuwa na haja ya maelezo. Kapteni wake alikuwa na kejeli. Kabla ya kumchoma mtu upanga alimuuliza kama kwao wameshapika, maana leo hatarudi kula. Sijakutana na mtu mwingine aliyeiona filamu hiyo. Nimewauliza hata wazee wa Kiingereza ninaowaogesha kwenye nyumba ya wazee Penrith, watu wa rika la filamu yenyewe. Hakuna aliyewahi kuisikia.

Na mimi pia sijaiona. Mama hakutaka binti yake akae gizani na wahuni. Nilikaa uani, mgongo ukutani, ungo mapajani, nachambua mchele, na kupitia ukuta ule nikaisikiliza ile ya Kapteni mchana baada ya mchana mpaka nikaijua kwa moyo. Kila tusi, kila kishindo. Picha nilijichorea mwenyewe.

Siku mbili kabla hajaugua, kaka aliipata. Aliipekua kwenye simu yake siku za kufungiwa, akaja jikoni anacheka kama mtoto.

"Njoo uone kwa macho leo," aliniambia. "Miaka thelathini unasikiliza ukuta."

Nilikuwa nimetoka zamu, miguu inawaka moto. Nilimwambia kesho. Kesho yake nikapata zamu nyingine, keshokutwa yake yeye akaanza kukohoa, na simu ikaenda naye hospitali. Hilo kesho limenikaa kooni mpaka leo.

Basi siku ile nilimwambia, "Sikiliza. Vaa mask, lala kifudifudi kama walivyokuagiza, na usiseme neno. Nakusimulia ile ya Kapteni. Ukiivua tu, nakata simu."

Nikamwanzishia kwa maneno yake mwenyewe. "Haya, waliokaa mbele inamisheni vichwa, wa nyuma nao wana macho. Mwenye moyo mwepesi aondoke sasa, nauli ya kurudi kwao sina." Halafu nikaingia kijijini, kwenye kisima, kwa msichana wa kwanza aliyekutwa mweupe kama karatasi. Nilisimulia na kikohozi changu mwenyewe, nimejifunika blanketi kwenye kochi, nikiiga sauti yake ya ujana. Nikafika kwenye hoteli, pale Kapteni anapopigana na majambazi sita bila kukiweka chini kikombe chake. Saa nzima ikapita. Sikumsikia hata mara moja.

"Mama," yule muuguzi alisema mwisho, kwa sauti ya chini, "amelala tumbo mwenyewe. Masque iko palepale. Namba ya oxygène imepanda." Kisha akaongeza, "Na ule wa chapeo nyeusi, ndiye mumiani?"

"Kesho," nilimwambia. Nilikata simu nikalia kwa furaha, mambo ya kijinga kabisa.

Kesho yake tulifanya vivyo hivyo, na keshokutwa yake. Habari ikawafikia watu wetu. Dada mmoja wa Mombasa, mwenye kutujali sana na mwenye kutuchunga zaidi, alinipigia kuniuliza kama ni kweli.

"Mwenzio yuko mahututi," alisema, "badala ya kumsomea Yasini unamsimulia mumiani? Hivi akiondoka na hayo masikioni?"

"Yasini namsomea nikiwa peke yangu," nilimjibu. "Mumiani ndiye anayemfanya avae mask. Wewe ukiwa na dawa nyingine niletee mlangoni, ugonge uondoke."

Hakugonga. Lakini maneno yake yaliniingia, siwezi kusema uongo. Jioni ile niliswali nikiwa nimekaa, kwa sababu ya homa, nikamwambia Mungu anisamehe kama nimekosea na amwache kaka yangu hata kama nimekosea.

Siku ya nne ya kusimulia nilifika pale ambapo ukumbi mzima ulikuwa ukinyamaza. Kapteni anaiendea nyumba ya mumiani alfajiri, bondeni kuna ukungu, na mumiani amesimama dirishani anaangalia njia. Kupitia ukutani sehemu hiyo ilikuwa na maneno machache sana. Kaka aliacha kwato zisikike, akasema tu, "Anakuja, hamumwoni, anakuja." Mimi nikajaza palipopungua.

"Farasi wake mweusi tii," nikasema, "akatokeza kwenye ukungu..."

Nikasikia kitu kinabanduka, kisha sauti ya kaka yangu, kavu, imejaa hasira.

"Mweupe."

"Kaka, vaa mask."

"Farasi mweupe. Ukungu... mweupe. Ndiyo maana... hamwoni." Alivuta pumzi ikakataa kuingia. "Mweusi... angemwona. Umeharibu... yote."

Mashine ikaanza kulia. Nilisikia viatu vinakimbia, nikamsikia yule mama wa Kikongo anasema hapana hapana papa, rudisha, rudisha, na mtu mwingine anasema kwa Kiingereza kwamba oksijeni yake inashuka mno. Simu ilibaki juu ya shuka. Nilikaa nikiisikiliza kama nilivyousikiliza ukuta, sioni kitu.

Miaka yote ile nilikuwa nimempaka farasi rangi yangu. Kaka hakuwahi kuitaja, angeitajia nini, watu wote ukumbini walikuwa na macho. Ni mimi peke yangu mjini Tanga ambaye sikujua kwamba farasi alikuwa mweupe, na ni mimi niliyekwenda kumsimulia. Najua madaktari waliniambia mapafu yake yalikuwa yameshachoka, kwamba hata asingeivua wangefika hapo kesho au keshokutwa. Waliniambia kwa upole na sikuwaamini. Siwaamini mpaka sasa.

Saa moja baadaye daktari alinipigia mwenyewe. Walikuwa wanakwenda kumlaza usingizi wa dawa, wamtie kwenye mashine. Nilipewa dakika chache niongee naye.

Kaka alikuwa analia. Sikuwahi kumsikia akilia, hata tulipomzika mama. "Usiwaache wanilaze," alisema. "Mdogo wangu. Sirudi."

Nilitafuta la kumwambia. Maneno makubwa yote yalinikimbia, likaja dogo. Tanga umeme ulikuwa ukikatika katikati ya filamu, watu wakaanza kupiga kelele, na kaka alikuwa na maneno yake ya kuwatuliza bila kipaza sauti.

"Umeme umekatika tu, kaka," nilimwambia. "Asitoke mtu. Kila mtu na benchi lake. Ukirudi tunaendelea palepale tulipoishia, hakuna atakayepunjwa hata neno."

"Farasi?" aliuliza.

"Mweupe, kaka. Mweupe kabisa. Mumiani hamwoni."

"Haya," alisema. Ndilo neno la mwisho nililopata kutoka kwake.

Kaka yangu alifariki Ijumaa, kabla ya adhuhuri, baada ya siku kumi na moja kwenye mashine. Wanaume wachache walioruhusiwa walimzika, karibu na Lidcombe, na mimi niliona kwenye simu, picha inakwama kwama, mpaka wakawa wanatupa udongo. Baadaye waliniletea mfuko wenye vitu vyake. Simu yake ilikuwemo, imezimika, na namba ya kuifungua sina. Filamu imo ndani. Kuna watu wa kufungua simu, wapo hata hapa Mount Druitt karibu na stesheni. Sijaipeleka.

Lakini ninachokumbuka zaidi ni Alhamisi, siku moja kabla hajafariki.

Siku zote zile kumi na moja niliendelea kupiga saa tisa. Yule mama wa Kikongo alikuwa akiiweka simu juu ya mto, karibu na sikio, na mimi nilisimulia. Mwanzoni nilisimulia kwa usahihi, kwa heshima, kila kitu mahali pake. Hakuna kilichobadilika. Ndipo nikapata wazo jingine, la mtu aliyechoka akili. Kama kosa moja lilimtoa kwenye barakoa, labda makosa mengi yatamtoa kwenye usingizi. Namjua kaka yangu. Ukimharibia kazi yake hawezi kunyamaza.

Nikaanza kukosea kwa makusudi. Nikamtoa Kapteni upanga nikampa shoka. Nikawapunguza majambazi wakawa watatu. Nikamfanya Kapteni mnene, ana mke Handeni, anamwogopa. Baina ya kosa na kosa nilinyamaza, nikabana simu sikioni, nikasikiliza. Mashine ilikuwa ikivuta na kutoa, kuvuta na kutoa, haina haraka. Nikaongeza uongo. Nilimtukana hata: nilimwambia kwamba hakuwahi kujua kutafsiri, kwamba watu walikuja ukumbini kwa sababu ya feni. Mungu anisamehe hilo pia.

Alhamisi sikuwa na uongo uliobaki. Sauti ilikuwa imenikauka. Nilikuwa nimeweka akiba kosa moja tu, kwa sababu niliogopa kulitumia, nikijua likishindwa hakuna lingine. Nikaifikisha hadithi bondeni. Nikaleta alfajiri, nikaleta ukungu, nikamsimamisha mumiani dirishani.

"Kapteni anakuja," nikasema. "Farasi wake ni mweusi. Unasikia, kaka? Mweusi tii. Mweusi kama mkaa."

Nikanyamaza.

Mashine ikavuta, ikatoa. Ikavuta, ikatoa. Nilihesabu mpaka nikapoteza hesabu. Kisha nikasikia kitu kinasogea karibu na simu, mtu anavuta pumzi kama anayetaka kusema, na moyo wangu ukaruka, wallahi ukaruka.

"Mama," sauti ilisema, taratibu, "farasi iko mweupe."

Alikuwa yule muuguzi.