Shilingi Iliyosuguliwa kwa Majivu

Bado nina hasira, na sijaamua nimkasirikie nani. Ningependa awe mtu mmoja tu, ingenipunguzia kazi.

Shilingi ile ilitoka katika mshahara wa kwanza wa baba, alipokuwa kijana kwenye shamba la mzungu huko Endebess. Simba upande mmoja, mfalme upande wa pili. Kwa sababu ambazo hakuwahi kutueleza, hakuitumia. Ilikaa kwenye mkebe wa kakao mpaka miaka ikaipaka rangi yake: kahawia ya chai ya rangi katikati, na ukingoni zambarau na buluu, kama mafuta ya gari juu ya dimbwi.

Baba alipofariki, mama aliipeleka Kitale kwa mwenye kibanda mmoja anayeuza vifuniko vya simu na kununua sarafu kuukuu. Yule bwana aliirusha juu ya kioo cha meza.

"Shosho, hii imeoza. Ni chafu. Takataka. Nitakupa ya mkate tu, sababu ni wewe."

Mama alirudi nayo nyumbani, akanipigia simu. "Ati takataka! Kitu baba yako ameweka maisha yake yote." Hakutaka tena kuiuza. Alitaka mtu anayejua aitazame, aseme yule wa Kitale ni mwongo.

Mtu huyo nilimjua. Ni mwalimu mstaafu wa Bungoma, anakaa njia ya kwenda Kibabii, naye hupima sarafu kama alivyosahihisha mitihani: A mpaka E. Machache ninayoyajua alinifundisha yeye. Shika ukingo, usiguse uso. Peleka dirishani, si kwenye taa. Izungushe polepole, uanze na sehemu zilizoinuka, manyoya ya shingo ya simba na shavu la mfalme, maana mifuko na vidole hula hapo kwanza. Kisha tazama ngozi. Weusi uliokuja wenyewe si uchafu, ni ngozi. Nilimtumia picha, akajibu: "Manyoya yote yapo. Lete. Nanusa A."

Nikampigia mama. "Itayarishe, nakuja Jumamosi."

Nilisema hayo tu. Nina digrii mbili, nimeandika makala ndefu juu ya kuhifadhi urithi wetu, na sikukumbuka kumwambia mtu mmoja neno moja: usiioshe.

Jumamosi alinikabidhi imefungwa kwa kitambaa kilichopigwa pasi. Nilifungua, nikakuta kitu cheupe kama kifuniko cha sufuria. Alitumia majivu, ndimu, na waya wa kusugulia masufuria.

"Mama! Umefanya nini?"

"Si yule alisema ni chafu? Nikutume kwa watu na kitu kichafu?"

Kwetu hakuna kitu kinachotoka nyumbani bila kuoshwa. Mtoto wa kupelekwa kliniki, kibuyu cha maziwa, hata jembe la jirani hurudishwa likiwa safi kuliko lilivyokuja. Nilijua hivyo tangu utotoni. Bado nilimfokea, kwa maneno ambayo sitayaandika hapa. Alifunga kitambaa chake cha kichwa upya, akasema, "Kunywa chai, utachelewa."

Bungoma, mwalimu aliipeleka dirishani. Kwa kawaida huchukua dakika tano. Safari hii aliizungusha mara moja.

"Nani ameosha?"

"Mama."

Alinipa lenzi. Mikwaruzo myembamba, duara juu ya duara, imepita kwenye manyoya ya simba na kulivuka shavu la mfalme.

"Hii ingepata A, bana. Sasa siwezi kuipa kitu. Ni kama mtahiniwa aliyefutiwa matokeo."

"Hata C, mwalimu?" Nilijisikia nikibembeleza kama mzazi nje ya ofisi ya mkuu wa shule.

"Profesa, unataka tuibe mtihani?" Alicheka. Mimi sikucheka. Alisema nikiiacha bila kuigusa, ngozi inaweza kurudi baada ya miaka arobaini. Nina miaka hamsini na mitatu.

Nikiwa bado langoni kwake, mama akapiga. Nilikuwa nimeandaa uongo mzuri, lakini hasira ikatangulia. Nilimwambia ilikuwa ya daraja la kwanza, na kwamba ni yeye aliyeiharibu.

Nilisikia kuku wake.

"Kwa hivyo haikuwa takataka."

"Haikuwa."

"Basi." Kisha akaongeza, "Na mwambie huyo mwalimu, baba yako tulimwosha kabla ya kumzika. Alipungua?"

"Mama, hayo ni mambo tofauti."

"Tofauti gani?"

Nikakata simu, na hilo pia lilinikasirisha.

Wiki iliyofuata nilipita Kitale, nikaiweka shilingi juu ya kioo cha yule mwenye kibanda, nikiwa na hotuba kamili mdomoni. Hakuikumbuka. Aliiinamia, macho yakang'aa.

"Mzee! Hii sasa ndiyo shilingi. Safi kabisa. Nitakupa mia tano."

Hotuba yote ilinipotea. Niliinyakua, dole gumba katikati ya uso wa mfalme, kama mtu ambaye hajawahi kufundishwa chochote.

Mama hajui habari ya mia tano. Shilingi iko dirishani kwangu, ndani ya bahasha, na jana niliitoa nikiishika ukingoni. Nyeupe bado, ila alama ya dole gumba langu imeanza kugeuka kahawia.