Kuku Wangu wa Chanika Walivyofanyiwa Sherehe

Siku ya kwanza kazini, kule Kurasini, nilikabidhiwa fagio, ndoo na kuku mia mbili. Msimamizi wetu, Mzee Mchopa, akanikuta nasema peke yangu bandani.

"Agnesi, unaongea na nani?"

"Na Somoe, mzee. Huyu mwenye kishungi."

"Hapa kuku hapewi jina, ana namba tu. Ukimpa jina, siku ya kuchinja utanisumbua."

Nikaitikia ndiyo. Hadi jioni mstari mzima wa vizimba ulikuwa umeshapata majina, ila niliwaita kimoyomoyo.

Shule mie niliishia darasa la tatu. Kazi nilifundishwa na mikono. Nilipohamishiwa Ubungo, kwenye kutotolesha vifaranga, Mama Msimamizi wa kule alinionyesha kupima mayai: unaliweka yai mbele ya taa, ukiona vinyuzi vyekundu ndani, lina kifaranga, ukiona jeupe tupu, peleka jikoni. Na kideri, ule ugonjwa unaopinda kuku shingo, alinifundisha kuukinga kwa tone moja la chanjo jichoni.

Sasa nimestaafu, nipo Chanika na kuku wangu kumi na mmoja. Juzi hapa kideri kimefagia mtaa, mabanda ya majirani yamebaki manyoya. Wangu hakufa hata mmoja. Basi mjukuu wangu Upendo akaja na chupa ya mvinyo, ule wa bei ya chini, akasema, "Bibi, leo tunawapongeza kuku." Kumbe kamwalika na Mzee Mchopa, ambaye siku hizi anatembelea mkongojo.

Nikachanganyikiwa. Tangu nizaliwe, mgeni wa heshima akija anachinjiwa kuku. Sasa mgeni kaja, na sherehe ni ya kuku wenyewe! Mzee kakaa, glasi mkononi, ananusa upande wa jikoni. Hakuna moshi.

"Agnesi, hao tunaowapongeza wako wapi?"

"Wale pale, mzee, wanapekua."

"Mh. Na sie tunapekua nini?"

Upendo akacheka, akamsogezea karanga. Mie uso ukanishuka. Nimwache bosi wangu aondoke na karanga? Nikaenda nikamkamata mmoja, nikampelekea mzee pamoja na kisu, maana kwetu mwanamke hachinji mwanaume akiwepo. Sijui namwombea nani, kuku au mgeni.

"Huyu namba ngapi?"

"Anaitwa Somoe, mzee."

"Yule wa Kurasini?"

"Huyu kamrithi jina."

Akakiweka kisu chini. "Agnesi, si nilikukataza?"

"Ulinikataza, mzee."

"Sasa nitamchinjaje na umeshanitambulisha?"

Tukakaanga mayai, tukayala na ule mvinyo, mtamu kama sharubati. Mpaka leo sijui kama siku ile nilimpa mzee heshima au nilimnyima. Hata huko kustaafu sijakuelewa, maana kila alfajiri bado nashika fagio.

Kwenye glasi ya pili akaniuliza, "Wale mia mbili, wote walikuwa na majina?"

Nikaanza kumtajia. Tulipofika mstari wa tatu, akavua kofia, kama yuko mazikoni.