Neno Ambalo Vaileth Hakuliandika

Vaileth wa Kaloleni amewachapia watu barua maisha yake yote, kwanza kwa taipureta, baadaye kwa kompyuta, katika chumba cha kupanga karibu na uwanja wa mpira. Siku hizi kila mtu ana simu na hakuna anayejua barua inaanzaje. Wateja walipopungua, alijitafutia kazi isiyo na malipo. Jumapili baada ya ibada alikwenda kwao Tengeru, akaweka kompyuta magotini na kuchapa Kimeru cha wazee: jinsi wanawake walivyoitana kwenda kuzibua mfereji, na nyimbo walizoimba majembe yakiwa mikononi. Mifereji yenyewe leo imejaa chupa za plastiki, na hakuna anayemwita mwenzake.

Yote aliyaweka kwenye faili moja. Maneno ya kila mzee yalianza na mstari wenye jina lake. Mzee akifariki, Vaileth aliyahamishia maneno yake juu, akaongeza chini yake mstari mmoja: MWISHO. Walio hai hakuwaandikia. Kwao, kumwandikia mwisho mtu anayepumua ni kumwitia kifo. Basi marehemu walikaa juu, walio hai chini, na wa chini kabisa alikuwa mama yake, Evaresta.

Siku moja aligundua kwamba maneno ya mzee Sifael, ambaye yu hai, yamechapwa mara mbili, ukurasa kwa ukurasa. Akaanza kufuta. Oscar, fundi kompyuta wa chumba cha pili, akamkuta.

"Shikamoo, Mama Princess. Unafuta mstari mmoja mmoja kama unachambua maharage?"

"Marahaba. Kidole changu kinaona kinachokifuta. Chako kinaona nini?"

"Changu kinaagiza tu. Naandika skripti, amri ya kompyuta: futa kuanzia jina la Sifael la mara ya pili mpaka mstari wa MWISHO. Chai yako haitapoa."

"Haya, fanya. Mgongo unaniuma."

Oscar alitazama sehemu ya juu ya faili, akaona MWISHO chini ya kila jina, akaamini ni hivyo hadi chini. Wenye haraka hawaulizi. Skripti ilianza kwa jina la pili la Sifael, ikatafuta MWISHO, isiuone, ikafuta kila mstari mpaka faili likaisha. Kisha ikahifadhi kilichobaki juu ya faili lilelile. Nakala nyingine haikuwepo.

"Mama yuko wapi?" Vaileth aliuliza, akishuka hadi chini ya faili.

Oscar alivuta kiti. Akahangaika na kompyuta ile hadi jioni bila kuyarudisha maneno, utani umemwisha.

Wazee wengine walio hai wangeweza kusimulia upya. Lakini Evaresta alikuwa ameanza kupoteza kumbukumbu tangu masika. Vaileth alikwenda Tengeru hivyohivyo, akaketi karibu naye.

"Mama, niambie tena mlivyokuwa mnaitana kwenda mferejini."

"Mfereji gani?"

"Ule wa juu, kwa akina Aminiel. Wewe ndiye uliyekuwa ukianzisha wimbo."

Bibi yule alimtazama kwa upole, kama anayemtazama mgeni aliyepotea njia.

"Mimi siujui, mwanangu. Kamuulize mama yako."

Vaileth akamwambia kwamba atamuuliza.