Jicho la Bi Mwanasiti

Mnaoniona leo nasoma barua zangu mwenyewe, nawaambieni nilikuwa kipofu kabisa. Nilikata mkonge, na nilikuwa mtu wa kujivuna. Jicho la kushoto ndui ililichukua nikiwa mdogo, lakini kwa lile moja lililobaki hapakuwa na mkataji wa kunipita. Siku moja mwiba wa jani ukanichoma jicho hilo. Jirani yetu kule kwetu Mabawa akanitia maji ya majani, nami mjinga nikakubali. Siku ya tatu lilivimba, likatoa usaha. Usaha ulipokauka lilikuwa jeupe kama ganda la yai. Mke wangu akawa ananishika mkono kwenda chooni. Niliomba kufa, sifichi.

Hospitalini daktari akaniambia, "Kioo cha mbele kimeharibika. Tukipata kingine kilicho hai, utashonewa."

Akapatikana Bi Mwanasiti wa Pongwe, mama mtu mzima. Jicho lake lilikuwa na uvimbe kwa nyuma, lazima litolewe, ila kioo chake kilikuwa safi. Akasema, "Mpeni huyo kijana, mimi halinifai tena." Likatolewa jioni, likatiwa chupani na kuwekwa ndani ya friji, maana daktari wa kushona alikuwa akija na treni ya asubuhi.

Asubuhi friji tupu. Mhudumu alikuwa amempa Kombo, kaka yake Bi Mwanasiti, akalizike. Kwetu kiungo kikikatwa huzikwa, hata kidole, kwa hiyo hakuona kosa. Chupa ilikuwa imekwenda Pongwe, juani.

Nilipoambiwa nililia kwa sauti, hata wodi ya wanawake ikasikia. Bi Mwanasiti, kichwa kimefungwa bendeji, akamtuma mhudumu yule yule kwa baiskeli. "Mwambie Kombo jicho ni langu, na mimi sijafa."

Kombo alikutwa makaburini, shimo dogo limeshachimbwa, chupa imeviringishwa sanda. Ilirudi adhuhuri.

Daktari mgeni akaitazama. "Nyuma ya kioo kuna chembe hai zinazozuia maji. Baridi huzitunza, joto huziua. Zikiwa zimekufa, kioo kitavimba kiwe cheupe, na utakuwa umeumia bure. Siwezi kujua mpaka nishone."

Mke wangu akasema, "Tungoje jingine."

Jingine la nani? "Shona," nikasema.

Nililala chali wiki mbili, mifuko ya mchanga huku na huku ya kichwa, nimekatazwa hata kukohoa. Nyuzi zilinichoma usiku na mchana. Bendeji ilipofunguliwa niliona ukungu mtupu. Nikamwambia mke wangu akaolewe na mwingine.

"Nyamaza, ule uji," akanijibu.

Daktari wetu akasema, "Chembe zikiwapo hai, zitayatoa maji polepole. Vumilia."

Wiki ya tano ukungu ukaanza kupungua. Nikaona kanga ya mke wangu, kisha uso wake. Alikuwa amekonda mno, nikaona haya.

Ukichomwa jicho, usikubali dawa ya jirani hata akiwa anakupenda. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Na daktari akikuambia uvumilie, vumilia, ijapokuwa moyo umekufa.

Namshukuru Mola, na namshukuru Bi Mwanasiti, aliyefariki mwaka uliofuata. Tulipomaliza kufukia kaburi, Kombo akanivuta pembeni.

"Siku yako ikifika," akasema, "uje uzikwe hapa ubavuni mwake. Dada yangu hajatimia."

Watu wangu wa Mabawa nimeshawaambia. Wanipeleke Pongwe.