Kidonge Kilichopondwa

Kazi yangu ni kuandika uzito wa magunia ya mawe ya madini kwenye depo moja ya Kolwezi. Utumbo wangu mkubwa ulipoota vidonda, nikawa naandika gunia moja, nakimbilia chooni, narudi kuandika jingine. Wachimbaji walinivumilia. Mmoja alinishauri nihamishie meza huko huko.

Daktari alinipa vidonge vikubwa, akasema tungoje miezi miwili. Damu niliyokuwa nikiharisha isipokoma, nitapelekwa Lubumbashi nikatwe utumbo, nirudi na mfuko wa choo ubavuni. Niliuogopa mfuko ule kuliko kaburi.

Wiki ya kwanza niliona chooni ganda la kidonge limetoka zima. Nikafanya kosa la kumwambia mama. Mama alitusomesha kwa kuponda mawe ya madini, na hakiamini kitu kigumu kisichopondwa.

"Inaingia muzima, inatoka muzima," alisema. "Itakusaidia je? Jiwe, kama hauiponde, haitoe mukuba."

Mukuba ni shaba, na shaba ndiyo iliyonisomesha. Akaviponda vidonge kwa nyundo yake ndogo, akavichanganya na uji, akanilisha kwa kijiko, mimi mwenye mvi. Damu haikupungua. Mama akaponda laini zaidi.

Miezi miwili ilipoisha, daktari alianza kuandika barua ya Lubumbashi. Katikati ya barua akauliza vidonge ninavimeza vipi. Nilimweleza. Akaweka kalamu chini.

"Tata, mutu wa kushuka mu shimo anakulaka chakula yake wapi?"

"Chini, ku kazi."

"Basi. Ile ganda njo inafunga dawa mpaka chini, kwenye vidonda. Mweye munaimalizia ku mulango."

Ganda likipondwa, dawa huishia tumboni; likitoka tupu, alisema, maana yake dawa imeshafika na kubaki huko. Akaichana barua, akanipa miezi mingine miwili.

Mama alikuwa akinisubiri mlangoni. Niliitazama mikono yake iliyotusomesha, nikatunga uongo.

"Balibadilisha dawa," nilimwambia. "Hii ya mupya habaiponde."

Akakishika kidonge, akakigeuza mkononi, kisha akarudisha nyundo chini ya kitanda.

Damu ilikoma kabla ya muda kwisha. Mama ametangazia mtaa mzima kwamba dawa ya kwanza ilikuwa ya bure. Kila asubuhi ananikabidhi kidonge kizima na kulitazama koo langu hadi kishuke. Ni vidonge vilevile, rangi ileile, boksi lilelile. Na mama, aliyetenganisha shaba na kobalti kwa macho tu miaka yote ile, hajaniuliza hata siku moja kwa nini vinafanana.